Maji Yakikupwa Ghuba ya Chwaka: Tathmini ya Matembezi ya Mikokoni

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaone kwa macho yao yale ambayo kitabu cha bailojia kinayaeleza kwa michoro ya mishale: nani anamla nani, kipi kikioza kinakuwa chakula cha nani, na binadamu anaingia wapi katika mzunguko huo. Mfano tunaoutumia darasani miaka nenda miaka rudi ni wa nyasi, swala na simba, wanyama ambao mtoto wa Unguja hawaoni isipokuwa katika picha, ilhali mzunguko mwingine unapita kila siku nyuma ya nyumba yao na kuishia katika sahani yake ya mchana. Ndiyo maana niliposikia kwamba kikundi cha wanakijiji, ukingoni mwa Ghuba ya Chwaka, kinatoa huduma ya matembezi ya kuongozwa ndani ya mikoko na juu ya mchanga maji yanapokupwa, niliamua kwenda kwanza peke yangu, nikalipa kama mgeni mwingine yeyote na bila kusema kwamba mimi ni mwalimu.

Niseme mapema kwamba matembezi haya yanastahili fedha yake na zaidi, na kwamba sijawahi kuona katika kisiwa hiki mahali ambapo uhusiano wa msitu, bahari na kitoweo unaelezwa kwa uwazi namna ile. Yapo pia mambo kadhaa ambayo kikundi kinapaswa kuyarekebisha, na moja kati ya hayo si dogo. Nitayaeleza yote, kwa sababu huduma nzuri ikisifiwa tu bila kuambiwa kasoro zake hukaa palepale.

Kwa asiyepajua mahali penyewe, Ghuba ya Chwaka iko mashariki ya Unguja, ina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 50, na maji yake ni haba kiasi kwamba sehemu kubwa hubaki mchanga mtupu wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Upande wake wa kusini umezungukwa na msitu wa mikoko wa kiasi cha hekta 3,000, ambao ndio mkubwa kuliko yote kisiwani. Tangu mwaka 2004 msitu huo umekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2016 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai (biosphere reserves) za dunia. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, ndiyo iliyofungua mlango wa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na matembezi haya yamezaliwa katika utaratibu huo wa wenyeji kuwa walinzi na wanufaika kwa pamoja.

Jambo la kwanza la kusifu ni ratiba. Kikundi hakina saa moja ya kudumu ya kuanza. Kina kalenda ya maji iliyobandikwa ukutani katika kibanda chao cha makuti. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, kwa hiyo wageni huitwa saa mbili, hupitishwa kwanza mikokoni wakati mfereji bado una maji kidogo, kisha hushushwa mchangani maji yakiwa yameshatoka. Siku za maji mafu, ambapo maji hukupwa kidogo tu, hawapokei mtu, hata akija na fedha yake mkononi. Nilifurahi kuliona hilo, kwa sababu nimeshawahi kupelekwa pwani nyingine na watu waliotutembeza katika maji ya magotini wakituonyesha vitu ambavyo hatukuviona.

Kwa bahati mbaya, siku niliyokwenda mimi ratiba hiyo haikuheshimiwa. Gari la wageni kutoka hoteli moja lilichelewa, na badala ya kutuanza sisi sita tuliofika kwa wakati, kikundi kiliamua kungoja. Tulisimama dakika 40. Mahali pengine dakika 40 si kitu, lakini hapa maji hayangoji, na kilichopunguzwa mwishoni ili kufidia muda huo kilikuwa ni sehemu ya mchangani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya safari. Wageni wa hoteli walipofika tukawa watu 19 nyuma ya mwongozaji mmoja na msaidizi wake, na wale wa mwisho katika mstari hawakusikia nusu ya maelezo.

Lakini maelezo yenyewe! Mwongozaji alikuwa kijana wa makamo ya miaka ishirini na kitu, ambaye hakuanza kwa kututajia majina. Alitusimamisha chini ya mti wa mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, mahali ambapo tope bado ni gumu, akachuma jani moja na kuliinamisha upande wa jua mpaka tukaona chembe nyeupe zimetapakaa juu yake kama unga uliomwagika. Akasema: "Ramba." Nikaramba, na mdomo ukajaa chumvi kali kuliko ya bahari. Hapo tu ndipo alipoeleza kwamba mchu huiachia sehemu ya chumvi ipite mizizini na kuitema kupitia majani, ilhali mkoko, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, huizuia karibu chumvi yote mlangoni, yaani katika mizizi. Mti mmoja unatema, mwingine hauiachi iingie. Mimi nimefundisha somo hilo mara nyingi, na sikumbuki kama kuna mwanafunzi aliyelielewa kwa kasi ile.

Kutoka kwenye mchu tulishuka kuelekea baharini, na kila hatua mia hivi msitu ulibadilika. Nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, upo mchu. Mbele yake mkandaa na msinzi. Kisha mkoko wenyewe kandokando ya mifereji. Na mbele ya yote, ukipigwa na mawimbi, upo mlilana. Pwani ya Afrika Mashariki ina kiasi cha aina 10 tu za miti ya namna hii, na nyingi kati ya hizo zinapatikana katika ghuba hii moja. Mwongozaji hakuueleza mpangilio huo kama orodha. Aliuliza kila tulipofika penye mabadiliko: hapa maji yanafika mara ngapi kwa mwezi? Tukawa tunakisia kwa kutazama alama ya tope kwenye mashina, na tukaona wenyewe kwamba mti haukuchagua mahali kwa bahati bali kwa kadiri unavyoweza kuvumilia kuzama.

Kuna mahali ambapo tope hunuka kama yai viza, na wageni kadhaa walifunika pua. Kijana alituambia tusiikimbie harufu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza msitu unavyofanya kazi. Tope lile halina hewa ndani yake. Vijidudu vinavyoishi humo hutumia salfa badala ya oksijeni, na gesi wanayoitoa ndiyo inayonuka. Kwa kuwa hakuna hewa, mizizi hulazimika kuchomoza juu ili kupumua, na hivyo vidole vya mchu vilivyojaa ardhini kama kalamu za risasi si miche, ni pua. Na kwa sababu hiyohiyo ya kukosa hewa, majani na mizizi iliyokufa haiozi ikaisha. Hujilimbikiza miaka na miaka, na kaboni iliyomo hubaki chini badala ya kurudi angani. Ndiyo maana wataalamu wa tabianchi wanaithamini mikoko kuliko misitu mingi ya nchi kavu ya ukubwa sawa, na ndiyo maana msitu ukifyekwa na tope likakauka, hasara inakuwa ni ya miti pamoja na yale yote yaliyolala chini yake.

Kisha likaja jambo ambalo ningependa walimu wote waliige. Alituomba tukae juu ya njia ya mbao, tunyamaze, na tusitikisike kwa dakika tano. Tope lililokuwa limekufa likaanza kuishi. Kwanza walichomoza kaa wadogo, madume yenye gando moja kubwa la rangi, wakilipunga kama mtu anayeita. Samaki wale wanaorukaruka juu ya tope wakatoka katika vidimbwi. Na karibu kabisa na mguu wangu kaa mmoja mwekundu aliye mkubwa kidogo alikamata jani la manjano lililokuwa limeanguka, akalivuta kinyumenyume, likakwama mlangoni mwa shimo, akalizungusha, akaliingiza kwa ncha. Nilimwangalia mpaka jani lote likatoweka. Laiti kaa asingelichukua, jani hilo lingebebwa na maji yakijaa. Akiliingiza shimoni chakula kinabaki msituni, na shimo lake linapeleka hewa na maji ndani ya tope ambamo mizizi inahangaika. Mengine yanayochukuliwa na maji hayapotei pia, kwani hulika na vijidudu, vijidudu hulika na uduvi na kamba wachanga, na hao hulika na samaki wadogo waliojificha katikati ya mizizi ambapo samaki mkubwa hapenyi.

Wakati ule wa kimya walipita pia kima punju watatu juu ya vilele vya mikoko, wakichuma majani machanga. Kima huyu kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wamebaki zaidi kidogo ya 5,800. Tumezoea kumhusisha na msitu wa Jozani, na wageni wengi huishia kumpiga picha huko, lakini pale ambapo vichaka vya maweni, yaani vya ardhi ya mawe ya matumbawe, vinakatwa kwa ajili ya mashamba, kuni na viwanja, mikoko inakuwa ni kimbilio lake. Kijana alilisema hilo kwa maneno machache na kuliacha. Ningependa angekaa nalo kidogo zaidi.

Nusu ya pili ya msitu hakuiongoza yeye. Aliipokeza kwa bi mkubwa mmoja wa kikundi, mwanamke wa makamo ya bibi yangu, aliyevaa kanga na viatu vya plastiki, na hapa ndipo niliposadiki kwamba huduma hii ina kitu ambacho kampuni ya utalii haiwezi kukinunua. Alitusimamisha mbele ya visiki vya zamani, vyeusi, vilivyogandwa na chaza, akaweka mkono juu ya kimoja wapo. "Hiki nilikikata mimi na marehemu mume wangu," alisema, "enzi tukichoma chokaa. Tulikuwa tukiona mikoko haimaliziki." Hakujitetea wala hakujilaumu kwa kutafuta huruma. Alieleza jinsi tanuri la chokaa linavyopangwa, mawe ya matumbawe juu ya magogo, na jinsi moto unavyotaka kuni nyingi zisizokatika, kisha akauliza kama kuna miongoni mwetu aliyekulia katika nyumba ya Mji Mkongwe. Nilinyanyua mkono. Akaniuliza upana wa chumba chetu. Nilipomwambia ni chembamba na kirefu, alicheka akasema kwamba upana ule ni urefu wa boriti, na boriti ni mkoko, na mkoko haukui ukapita hapo ukabaki umenyooka.

Nimeishi chini ya dari lile utoto wangu wote na sikuwahi kuliwaza. Kuta zetu ni chokaa iliyochomwa kwa kuni za msitu kama huu, dari letu ni boriti za msitu kama huu, zilizopendwa kwa kuwa mchwa hawaziwezi kirahisi, na mababu waliosafirisha boriti hizohizo hadi Uarabuni katika majahazi walikuwa wakisafirisha vipande vya pwani yetu. Faida za mazingira kwa binadamu, ambazo katika mtaala zimeandikwa kama vichwa vya habari, zilikuwa juu ya kichwa changu kila nilipolala.

Bi mkubwa hakuishia hapo. Alituonyesha sehemu mbili zilizokatwa enzi moja, zikitenganishwa na mfereji. Upande mmoja ulikuwa umerudi, miti minyoofu imeshaanza kufunga kivuli. Upande wa pili ulikuwa bado ni uwanja mweupe wenye ukoko wa chumvi. Alieleza kwamba upande uliorudi maji huingia kila siku na kuleta miche, ilhali ule mwingine uko juu kidogo, na baada ya miti kuondoka jua liliunguza ardhi, chumvi ikajikusanya, na miche iliyofika ikafa kabla ya kushika. Msitu, kwa maneno mengine, hauwi ule ule baada ya kujeruhiwa. Mahali pengine unajiponya wenyewe ukiachwa, na mahali pengine unahitaji kwanza maji yarudi. Naomba msomaji alikumbuke hilo nitakapofika kwenye kasoro kubwa.

Tulipotoka mikokoni bahari ilikuwa imeshaondoka, na mbele yetu ulikuwa uwanja wa mchanga na majani hadi macho yanapochoka. Wengi wetu tunaita kila kijani cha baharini mwani. Bi mkubwa alichimbua kwa vidole shina moja la nyasi za bahari, akatuonyesha kwamba lina mizizi na kikonyo kinachotambaa chini ya mchanga, na kwamba hutoa maua, kwa hiyo ni mmea kama mimea ya nchi kavu. Mwani hauna mizizi ya namna hiyo. Ghuba hii ina aina 11 za nyasi hizo. Akachukua jani moja pana kama utepe, akalinyoosha, na pembeni yake palikuwa na mapengo ya nusu mviringo, moja baada ya jingine, kama biskuti iliyoumwa na mtoto. "Pono," alisema. Nyasi hizi ni chakula cha pono, cha tasi na cha kasa, zinashika mchanga usihame, na samaki wengi waliokulia katikati ya mizizi ya mikoko wanapotoka huko hukaa hapa kabla ya kwenda miambani. Kwa hiyo changu anayenadiwa Darajani huenda amepanga nyumba tatu kabla ya kufika sokoni, na ukivunja moja ya nyumba hizo hutamkuta. Wavuvi wa ghuba wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana madema yao, yaani mitego ya kusukwa, huyatega katikati ya nyasi na si kwenye mchanga mtupu.

Mazungumzo yaliyonigusa zaidi yalikuwa kwenye shamba la mwani la bi mkubwa. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, kisha kikaenea pwani yote, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani ule mnene wenye bei nzuri, unaoitwa kotonii, umekuwa ukifa maji yanapopata joto na maradhi yanapoingia, na waliobaki wanalima zaidi spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Hayo yote nilikuwa nikiyajua. Nisilolijua ni kwamba mkulima na nyasi wana ugomvi. Nilimuuliza kwa nini kati ya mistari ya kamba kulikuwa na mikanda ya nyasi iliyoachwa, wakati mashamba ya jirani yalikuwa yamefagiliwa. Yule kijana alikuwa ameshaanza kuniita maalim kwa kuniona naandika, na bi mkubwa akafuata. "Maalim," aliniambia, "nyasi ukiziacha zinasumbua kamba. Ukizing'oa zote, mchanga unahama na vigingi vinalala. Mimi nimechagua kusumbuliwa." Hakudai kwamba amepata suluhisho. Alieleza hasara ya kila upande, na akakiri kwamba mwaka ambao bei ikishuka sana hujikuta naye anang'oa.

Nimeyaandika hayo kwa urefu kwa sababu ndiyo thamani ya huduma hii. Wageni wanazoea kupewa picha ya kijiji kinachoishi kwa amani na mazingira tangu enzi za mababu, na wanafunzi wetu wanazoea kupewa picha ya mwanakijiji mharibifu anayehitaji kuelimishwa. Hapa tulimkuta mtu aliyekata, aliyeacha kukata, anayelima, anayeng'oa na anayebakisha, na kila tendo lake lilikuwa na sababu na matokeo unayoweza kuyagusa.

Sasa kasoro. Ndogo nizitaje kwa haraka: viatu vya kuazima ni vikubwa tu, na mwenye mguu mdogo atapwaya ndani yake topeni; mbao tatu za njia zimeoza na zimefunikwa kwa makuti badala ya kubadilishwa; na choo ni kimoja kwa watu wote. Kubwa zaidi ya hizo ni ubao wa maelezo ulioko mwanzo wa njia, ambao una majina ya miti kwa Kiingereza na kwa Kilatini, na hauna hata jina moja la Kiswahili. Kijana anasema mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi kwa ulimi wake mwenyewe, na majina hayo yamebeba elimu ya mafundi na wavuvi wa karne nyingi; kisha mtoto wa kijiji hichohicho akija kusoma ubao hakuti lolote analolijua. Niliwaambia, na wakaniahidi kwamba ubao mpya utaandikwa.

Tulipokuwa mchangani, msaidizi mmoja aliokota kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kutoka katika kidimbwi akakipitisha mkono kwa mkono ili wageni wapige picha. Kilikaa nje ya maji muda mrefu. Mnyama huyo hupumua kwa kunyonya oksijeni iliyomo majini, na jua la saa nne na nusu si jua la mchezo. Mwongozaji alikuwa mbali na hakuona. Katika matembezi ambayo tulifundishwa kukaa kimya ili tusimsumbue kaa, jambo hili halipendezi, na linatibika kwa agizo moja tu.

Kasoro kubwa ni upandaji. Mwisho wa safari kila mgeni hupewa mche mmoja wa mkoko, ule mrefu na mwembamba kama kijiti unaoota ukiwa bado juu ya mama yake, akauchomeke mahali palipotengwa na kupigwa picha. Mahali penyewe ni mchanga wa mbele, panapopigwa na mawimbi, ambapo hapajawahi kuwa na msitu wa mkoko na ambapo nyasi za bahari zilikuwa zimeanza kuota. Nilihesabu miche iliyosimama kutokana na wageni waliotangulia, na mingi ilikuwa imelala au imekauka. Mwenye kosa hapa si mgeni, wala sidhani kwamba kikundi kina nia mbaya. Picha ya mche huuza safari. Lakini bi mkubwa alikuwa ametufundisha saa mbili kabla, kwa kutumia sehemu zake mbili zilizokatwa, kwamba mahali maji yanapoingia msitu hujirudisha, na mahali yasipoingia kazi ni kurudisha maji. Kuchomeka mkoko mahali pa mlilana, tena juu ya nyasi ambazo ni malisho ya tasi, ni kupingana na somo lao wenyewe. Nilimwomba kijana awapeleke wageni wakasaidie kuzibua mifereji iliyozibwa na mchanga kuelekea ule uwanja mweupe. Ni kazi ya jembe na tope, haina picha nzuri, na ninaamini wapo watakaoilipia.

Chakula kinaingia katika bei ya shilingi 20,000 kwa mkaazi. Tulipewa wali, tasi wa mchuzi wa nazi na mchicha, juu ya mkeka, chini ya mkungu. Tasi alikuwa wa asubuhi ileile, nyama yake imeshikana na ina utamu wa ndimu kidogo, na nilipomfungua tumbo lilikuwa limesafishwa vizuri kiasi kwamba hapakuwa na ule uchungu unaowakimbiza wengi. Mpishi, ambaye ndiye mkulima mwenzake bi mkubwa, alisema wanampata katika madema ya kijiji na hawanunui wa juya, kwa sababu wavu huo hukokota kila kitu pamoja na nyasi. Ni chakula bora nilichokula nje ya nyumbani mwaka huu.

Kabla ya kuondoka nilijitambulisha na kuweka nafasi ya wanafunzi 36, kwa bei yao ya shilingi 5,000 bila ya mlo. Tumekubaliana mambo manne: waongozaji watakuwa watatu, kila mmoja na watoto 12, tutaanza saa mbili kamili hata kama kuna gari lingine linalotarajiwa, hakuna kiumbe kitakachotolewa majini, na badala ya kupanda miche, wanafunzi watapima chumvi ya tope katika ule uwanja mweupe na upande wa pili wa mfereji, na kuandika namba zao katika daftari litakalobaki kibandani. Anayetaka kwenda aulize kwanza siku za bamvu, achukue kofia na maji ya kunywa, na aje na viatu vyake mwenyewe vinavyofungwa kwa kamba. Safari yetu sisi ni bamvu la mwezi mpevu ujao.